Wünsdorf, Prora au Krampnitz: uende kambi ipi ya zamani ya Ujerumani Mashariki?

Ndugu na marafiki wanaopita Berlin hunipigia simu wakiwa wamebakiwa na siku moja mkononi. Ukuta wameshauona, picha kwenye Lango la Brandenburg wameshapiga, na sasa wanataka kuiona ile Ujerumani nyingine, ya Mashariki, ambayo Unguja inakumbukwa kwa majumba ya Kikwajuni na ramani ya Michenzani. Huwa nawaambia: nendeni mkaone kambi ya jeshi. Swali linalofuata ndilo gumu, kwamba ni ipi.

Kwa nini kambi? Kwa sababu jeshi lilikalia sehemu kubwa mno ya nchi ile. Ukiacha jeshi la Ujerumani Mashariki yenyewe, lililoitwa NVA, mwaka 1990 kulikuwa na askari wa Kisovieti wapatao 340,000, na juu yao wake, watoto na wafanyakazi raia zaidi ya laki mbili. NVA ilivunjwa Oktoba 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Warusi wao waliondoka hatua kwa hatua, na sherehe ya kuwaaga ikafanyika Berlin tarehe 31 Agosti 1994. Jimbo la Brandenburg peke yake, linaloizunguka Berlin, lilirithi takriban hekta 100,000 zilizokuwa mikononi mwa jeshi la Kisovieti: mabweni, karakana za vifaru, viwanja vya ndege, na misitu ambayo ardhini mwake risasi zilibaki kama njugu shambani.

Kila mahali walipata jibu lao la nini kifanyike. Nimechagua kambi tatu zenye majibu tofauti kabisa, na zote tatu nimezitembea kwa miguu. Kipimo changu nakitaja mapema: mimi natazama lango. Mahali palipofungwa kwa mtu wa kawaida kwa miaka arobaini na zaidi, leo anaingia nani, na akishaingia anaonyeshwa nini?

Wünsdorf: mahandaki na vitabu

Wünsdorf iko kilomita 40 hivi kusini mwa Berlin, ndani ya mji wa Zossen. Treni ya mkoa inakushusha kituo cha Wünsdorf-Waldstadt ndani ya saa moja, na kutoka hapo unatembea chini ya misonobari. Kwa mwenye siku moja tu, hapa ndipo ninapompeleka, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu pana mengi.

Ujeshi wa mahali hapa ulianza zamani za Kaiser, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1930 utawala wa Hitler ulichimba hapo mahandaki yaliyopewa jina la Maybach, pamoja na kituo cha mawasiliano cha chini ya ardhi kilichoitwa Zeppelin. Makao makuu ya jeshi la nchi kavu yalikuwa hapa, na sehemu kubwa ya mipango ya kuuvamia Umoja wa Kisovieti ilipita kwenye meza za hapa. Aprili 1945 Jeshi Jekundu likaingia, na waliopangiwa uvamizi wakakalia viti vya waliopanga. Tangu miaka ya 1950 hadi 1994, Wünsdorf ikawa makao makuu ya majeshi yote ya Kisovieti nchini Ujerumani.

Wajerumani waliokaa jirani waliuita mji uliokatazwa. Ndani ya uzio waliishi makumi ya maelfu ya watu, wakiwa na shule zao, maduka yao, ukumbi wa maonyesho, bwawa la kuogelea lenye paa, na treni yao ya kwenda Moscow. Barabara kuu iliyokuwa ikipita katikati ilifungwa kwa wenyeji, nao wakawa wanazunguka mbali kwenda kijiji ambacho hapo awali kilikuwa mwendo mfupi.

Leo lango halipo. Tangu 1998 sehemu ya kambi inajiita mji wa vitabu: majengo ya zamani ya jeshi yamegeuzwa maduka ya vitabu vilivyotumika, rafu hadi darini, harufu ya karatasi ya miaka hamsini. Usitarajie mji mzima; ni maduka machache. Lakini ukipenda vitabu utapotelea humo hadi usahau chakula cha mchana. Mimi nilitoka na ramani ya shule ya Afrika iliyochapishwa Ujerumani Mashariki, imekunjwa na kupigwa gundi ya plastiki kwenye mikunjo, na mtoto fulani wa zamani hizo ameizungushia Dar es Salaam duara la penseli. Sijui alikuwa anajibu swali gani darasani. Sasa ipo ukutani kwangu.

Waendesha ziara wanaoshughulika na vitabu ndio hao hao wanaokuingiza mahandakini. Mahandaki ya Maybach kwa juu yalijengwa yafanane na nyumba za kawaida za mashambani, yenye paa na bomba la moshi, ili rubani wa adui asiyashuku. Warusi waliyalipua baada ya vita, na ukiyaona leo utaona zege lenye unene wa kutisha limepasuka na kuinamia upande kama mkate uliovunjwa kwa mkono. Zeppelin hawakuibomoa, waliifanyia ukarabati wakaitumia wenyewe. Nje, kati ya miti, imesimama minara ya kujikinga na mabomu iliyobuniwa na Leo Winkel: mirefu, iliyochongoka juu kama risasi iliyowekwa wima, ili bomu likiangukia liteleze chini.

Kuna jengo moja huwa sitaki mtu aondoke bila kulitazama, nalo ni Nyumba ya Maofisa. Mbele yake Lenin bado amesimama. Ndani ndimo zilimokuwa sehemu za starehe za maofisa wa Kisovieti, na kwa kawaida huingii isipokuwa kwa ziara iliyopangwa. Niliwahi kuingia na kundi dogo. Katika chumba kimoja karatasi ya ukutani ilikuwa imebanduka kwa unyevu, na chini yake ukuta mzima umebandikwa magazeti ya Kirusi. Askari walikuwa wakiyatumia kama tabaka la chini kabla ya kupamba. Unainamisha shingo unasoma habari za mavuno na picha za wafanyakazi bora, halafu mwongozaji anakuita kwamba kundi limeshatangulia.

Yapo mambo ambayo ziara hazikawii nayo, nami kama msomaji wa Kiswahili nadhani yatakugusa kuliko mahandaki. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza palikuwa na kambi ya wafungwa hapa, jina lake kwa Kijerumani likimaanisha Kambi ya Hilali. Wafungwa walikuwa hasa Waislamu waliotekwa katika majeshi ya Ufaransa na Uingereza: watu wa Afrika Kaskazini na Magharibi, na Wahindi. Wajerumani walitaka kuwashawishi wageuke wapigane upande wao na wa Waturuki, na katika kuwabembeleza huko wakawajengea msikiti wa mbao wenye kuba na mnara, uliofunguliwa Julai 1915. Ndio msikiti wa kwanza kujengwa Ujerumani kwa ajili ya sala. Wataalamu wa lugha nao walikuja na mashine za kunasa sauti, wakawaketisha wafungwa wasimulie na kuimba kwa lugha za kwao. Sauti hizo hadi leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin. Msikiti ulibomolewa katika miaka ya 1920. Si mbali na hapo, Zehrensdorf, kuna makaburi ya Wahindi waliofia kambini.

Mwaka 2015 wanaakiolojia walichimba penye kambi ile kwa sababu palikuwa panaandaliwa makazi ya watu wanaoomba hifadhi. Miaka mia baada ya msikiti, watu waliokimbia vita wakapewa vitanda mahali pale pale. Sina la kuongeza hapo.

Mengine ya Wünsdorf nayapitia haraka. Mabweni mengi yamekuwa fleti za watu wa kawaida, na ofisi ya jimbo inayosimamia majengo ya urithi na akiolojia imehamia ndani ya kambi yenyewe, jambo ninaloliona la busara sana. Majengo mengine bado yana madirisha yaliyozibwa kwa mbao. Kasoro kwa mgeni ni lugha: ziara nyingi ni za Kijerumani, hivyo uliza mapema kama kuna mwongozaji wa lugha nyingine.

Prora: bahari, zege na madalali

Aliyewahi kusimama chini ya majumba ya Michenzani anajua namna ukuta wa madirisha unavyoweza kuyameza macho. Prora inazidi hapo mara nyingi. Ni safu moja ya majengo yenye urefu wa kilomita 4.5 kando ya Bahari ya Baltiki, katika kisiwa cha Rügen. Kutoka Berlin ni kama saa nne kwa treni, kwa hiyo usiende na kurudi siku hiyo hiyo. Utaishia kuona stesheni.

Msingi wake uliwekwa tarehe 2 Mei 1936, mchoraji wa majengo akiwa Clemens Klotz. Nia ya Wanazi ilikuwa kupumzisha watu 20,000 kwa mpigo, kila familia katika kichumba cha takriban mita 5 kwa 2.5, vyote vikitazama bahari. Vita vikaanza 1939, ujenzi ukasimama, na hakuna hata mgeni mmoja wa mpango ule aliyewahi kulala pale. Baada ya vita Wasovieti walilipua sehemu za kaskazini, na zile zilizosalia zikafanywa kambi, kwanza ya polisi wa kijeshi wa Ujerumani Mashariki, kisha ya NVA. Ufukwe mzuri kuliko yote kisiwani ukawekewa uzio.

Historia ya kambi hii ndiyo inayonivuta zaidi, kuliko hata ya Wanazi ambayo kila kipeperushi kinaisimulia. Ujerumani Mashariki ilikuwa na sheria, tangu 1964, iliyomruhusu kijana aliyekataa kushika silaha kwa sababu za imani atumikie jeshi bila bunduki. Waliitwa askari wa ujenzi, na begani walivaa alama ya koleo. Katika miaka ya 1980 mamia yao waliwekwa Prora na kupelekwa kila siku kujenga bandari ya Mukran, ambayo mwaka 1986 ilianza kuvusha mabehewa ya treni hadi Klaipėda, bandari ya Lithuania iliyokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, ili mizigo ya kwenda Urusi isipite Poland. Wengi walikuwa wana wa wachungaji na vijana wa makanisani, na gharama waliyolipa haikuishia kambini, maana milango ya vyuo vikuu iliwafungia. Wakati huo huo, katika majengo hayo hayo, kulikuwa na chuo cha maofisa kilichoitwa Otto Winzer, kilichofundisha wanajeshi kutoka nchi rafiki za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hebu fikiri: kijana wa Kijerumani anayekataa bunduki na kijana wa Kiafrika aliyetumwa na nchi yake kujifunza kuiongoza, wanasikia mawimbi yale yale usiku.

Sasa njoo ukaone leo. Mwaka 1994 safu nzima iliwekwa chini ya ulinzi wa majengo ya kihistoria, na tangu 2004 serikali ikaanza kuiuza kipande kwa kipande. Vipande vingi vimepakwa rangi nyeupe, vikawekwa roshani za vioo, vikawa fleti za likizo na hoteli. Ukitembea upande wa ufukweni utaona magari ya thamani na mabango ya madalali. Mimi sikupendezwa. Tatizo langu si watu kulala pale. Nyumba inayokaliwa haiozi. Tatizo ni kwamba ukuta uliopakwa rangi upya haukuambii chochote, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima, aoge baharini, ale samaki, arudi kwao bila kujua koleo la begani lilikuwa nini. Ndiyo sababu kituo cha kumbukumbu kilichofunguliwa mwaka 2000 kina umuhimu mkubwa kuliko ukubwa wake. Angalia saa zake za kufungua kabla hujakata tiketi, na anza nacho kabla ya ufukwe.

Kuna mahali pamoja Prora palipojibu vizuri: hosteli ya vijana iliyofunguliwa 2011 katika mojawapo ya vipande, ikiwa na vitanda 400 hivi. Makundi ya shule hujaa humo. Nililala hapo mwezi wa Septemba. Ukumbi ni mrefu kiasi kwamba mtoto aliyekuwa akikimbia upande wa pili nilimsikia kabla sijamwona. Chumba ni kile kile chembamba cha ramani ya mwaka 1936, dirisha moja, bahari nje. Kwa bei ya hosteli unapata mandhari ile ile aliyonunua jirani kwa mamia ya maelfu ya yuro. Na ufukwe, siku hizi, ni wa kila mtu.

Krampnitz: kambi inayogeuka mtaa

Krampnitz iko kaskazini mwa Potsdam, unafika kwa basi. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya shule ya jeshi la farasi, na farasi walipopitwa na wakati ikafundisha watu wa vifaru. Baadaye Wasovieti walikaa hapo tangu 1945 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipoondoka ikabaki tupu kwa miongo miwili na zaidi. Watengeneza filamu waliipenda mno kwa ajili ya matukio ya vita, na wapiga picha wakawa wanaruka uzio. Katika jengo mojawapo kuna dari lenye tai wa Wanazi aliyepangwa kwa vijiwe vya rangi, aliyepona miaka yote ya Warusi.

Usiende ukitarajia magofu tena. Manispaa ya Potsdam inapageuza kuwa mtaa mpya wa watu wapatao 10,000, wenye shule, chekechea na mpango wa kufikishiwa reli ya tramu. Majengo ya matofali yenye thamani ya kihistoria yanakarabatiwa, mengine yamebomolewa, mashine ziko kazini. Kwa mtalii wa kawaida hakuna cha kuingia wala ziara ya kila siku. Lakini kama wewe ni mchoraji majengo, mhandisi, diwani, au mtu yeyote anayefikiria nyumba za watu kule nyumbani, hapa utajifunza kuliko Wünsdorf na Prora kwa pamoja: kambi ina barabara tayari, ina miti mikubwa, ina kuta nene, na kazi ni kuiunganisha na mji ambao kwa makusudi ilitengwa nao. Kazi hiyo ni ngumu na inakwenda polepole, na ukiiona kwa macho utaelewa kwa nini.

Ukienda huko, siku isikuishie hapo. Jirani ni nyika ya Döberitz, uwanja wa mazoezi wa Kaiser, wa Hitler na wa Wasovieti kwa zamu. Mwaka 2004 taasisi ya Heinz Sielmann iliinunua, na leo kwenye hekta zaidi ya 3,600 wanazurura nyati wa Ulaya na farasi-mwitu waitwao wa Przewalski. Fuata njia zilizowekwa alama, usikate kona. Mabomu ya mazoezi bado yamo ardhini.

Nyingine mbili, kwa kifupi

Watu huniuliza kuhusu Vogelsang, kambi ya msituni kaskazini mwa Berlin ambako mwaka 1959 Wasovieti waliweka makombora ya nyuklia. Mitandaoni kuna video nyingi za vijana wakiingia humo. Sehemu kubwa imebomolewa, msitu unarudi, na pasipo na mwongozaji hakuna anayekuhakikishia unachokanyaga. Kibao kikisema "Betreten verboten", yaani marufuku kuingia, kina sababu. Sikushauri.

Mwenye watoto wadogo nampeleka Beelitz, kusini magharibi mwa Berlin. Haikuwa kambi hasa, ilikuwa hospitali ya jeshi la Kisovieti, na ndipo Erich Honecker, aliyekuwa kiongozi wa Ujerumani Mashariki, alipojificha kabla hajasafirishwa Moscow mwaka 1991. Tangu 2015 kuna daraja la kutembelea juu ya vilele vya miti, unatazama chini kwenye magofu yaliyoota misonobari juu ya paa. Watoto wanafurahi na hakuna hatari ya kutumbukia popote.

Kwa hiyo, uende wapi?

Siku moja, na mara ya kwanza: Wünsdorf, bila kusita. Hakuna kwingine utakakoona Kaiser, Hitler na Wasovieti ndani ya mwendo wa miguu, kisha ukarudi jioni na kitabu mfukoni. Kwa kipimo changu cha lango inashinda pia, maana anaingia mwenye fleti, mfanyakazi wa serikali, mkimbizi na mgeni aliyeshuka kwenye treni.

Siku mbili, kiangazi, na familia inayotaka kuogelea: Prora, ila ulale hosteli, na uweke nafasi mapema kwa sababu shule huzijaza. Ukienda majira ya baridi, upepo wa Baltiki hauna huruma, na maduka mengi ya pale hufungwa.

Krampnitz nenda kama una kazi nayo, au kama umeshaziona hizo mbili, na uiunganishe na nyika ya Döberitz.

Mambo mawili ya mwisho kwa atakayechagua Wünsdorf. Chukua koti hata kama ni Julai, kwa sababu mahandakini ni baridi mwaka mzima na ziara haisubiri mtu apashe moto viganja. Na kabla ya kurudi kituoni, ulizia mtaa unaoitwa Moscheestraße, yaani Mtaa wa Msikiti. Msikiti wenyewe hutauona. Kuna kibao cha jina la mtaa, na miti.